Kiporo cha Shangazi Fuatino

Mgeni alipoletewa kopo la saba la nyama, nilitamani kulia.

Sikulia. Nilikuwa nimekaa pembeni mwa mkeka nikipunga kipepeo cha ukili juu ya sinia ili nzi wasitue, kama inavyompasa binti wa nyumba mgeni anapokula. Bi Rosalind alikuwa peke yake katikati ya nyumba ya wageni, na kwa kuwa nyumba zetu hazina kuta, watoto kumi na wawili walikuwa wamejipanga nje, kila mmoja na nguzo yake, wakimtazama anavyotafuna. Mbele yake kulikuwa na nyama ya kopo iliyokaangwa kwa vitunguu, nyama ya kopo iliyochanganywa na tambi, na nyama ya kopo peke yake, imetolewa nzima na kusimamishwa kwenye sahani, bado ina alama za kopo ubavuni.

"Tamu sana," alisema Bi Rosalind kwa Kiingereza, akatabasamu.

"Anasema tamu," nilimwambia Shangazi Fuatino, aliyekuwa amekaa upande wa pili kama askari wa lindo.

"Nimesikia. Uso wake unasema." Shangazi alijaa furaha. "Kesho tutamwongezea."

Mgeni huyu hakuwa mtu wa kupita tu. Alitumwa na mawakala wa safari wa Auckland, wanaopeleka visiwani makundi madogo ya watu wanaotaka kulala kwenye mikeka, kuoga chemchemi na kula wanachokula wenyeji. Alikuja na fomu yenye visanduku vitatu: utamaduni, mazingira, chakula. Akiijaza vizuri, kijiji chetu cha Saleava kingeingia kwenye orodha yao. Akiijaza vibaya, baraza la machifu lilikuwa limekwisha kuniambia mambo yatakavyokuwa: nyumba ya wageni itageuzwa ghala la nazi kavu, na mimi nitaungana na kundi la vibarua la mwezi wa Machi kwenda kuchuma matofaa New Zealand, kama kaka yangu, kama watoto wote watatu wa Shangazi Fuatino, kama nusu ya darasa langu.

Siyadharau matofaa. Matofaa ndiyo yaliyonilipia ada. Lakini nilikuwa nimemaliza chuo Apia, mji wetu mkuu, mwaka huo, na nilikuwa nimeandika tasnifu ya kurasa sitini kuhusu jinsi kijiji kinavyoweza kujiendesha bila kuwatawanya watoto wake, kwa kuwakaribisha watu waje wakione kilivyo. Niliamini kila neno. Naamini hata sasa. Ninachosema ni kwamba katika kurasa zote sitini sikumwandika shangazi yangu hata mstari mmoja.

Wiki tatu kabla ya ugeni nilikuwa nimeiita kamati ya wanawake, ambayo Shangazi Fuatino ndiye mkuu wake. Nikawaeleza polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mgeni hataki vitu vya dukani. Anataka pono wa mwambani, shelisheli la kuchoma, pweza, magimbi, majani machanga ya magimbi yaliyofungwa na tui na kuokwa kwenye mawe.

"Majani?" aliuliza Mama Keleta, jirani yetu, mwanamke ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulivuta sikio. "Huyo mwanamke katoka Auckland kwa ndege aje ale majani? Kwao hakuna ng'ombe wa kumwonesha njia?"

Walicheka mpaka wakapigana mapaja. Kisha wakaitikia wote kwa vichwa. "Sawa, mwanetu Litara. Wewe ndiye msomi."

Nilipaswa kujua. Kwetu mtu hakukatalii usoni. Anaitikia kwa heshima zote, halafu anakwenda kufanya alilokusudia.

Alhamisi mgeni alipofika, binamu yangu Iakopo akimleta kutoka bandarini kwa pikapu, niliikuta nyumba ya wageni imegeuzwa. Nilikuwa nimeiacha asubuhi na mikeka mipya na upepo wa bahari ukipita kote. Sasa kulikuwa na kitanda cha chuma kilichobebwa kutoka kwa mchungaji, godoro likiwa bado na karatasi yake ya nailoni, mapazia ya lesi yamezungushwa kila nguzo, maua ya plastiki, na feni ya umeme. Umeme wenyewe haujafika huko ufukweni.

"Feni ya nini, shangazi? Haina pa kuchomekwa!"

"Ya kuangalia," alisema. "Ajue tunayo."

Ijumaa nilimpeleka kwenye bwawa la chemchemi, mahali pazuri kuliko pote ninapopajua duniani. Maji baridi yanatoka chini ya mwamba mweusi wa volkano na kukutana na bahari, na siku zote kumejaa wanawake wanaofua, vijana wanaoruka kutoka juu ya jiwe, vikongwe waliokaa majini hadi kifuani wakisengenya. Hicho ndicho nilichotaka akione. Tulipofika, hapakuwa na mtu hata mmoja. Baraza lilikuwa limepiga marufuku: yeyote atakayeonekana bwawani mgeni akioga atatozwa nguruwe. Walikuwapo mashemasi wawili tu wenye fimbo, wametugeuzia mgongo, wakilinda heshima ya mgeni. Bi Rosalind aliingia majini, akazunguka mara mbili kimya kimya kama mtu anayeoga kanisani, akatoka.

"Pametulia sana," aliniambia.

Hata mashemasi waliridhika.

Na kila mlo, kopo. Asubuhi na biskuti kavu, mchana na tambi, jioni na wali. Nyuma ya nyumba, kwenye banda la jiko, watu wa nyumbani walikuwa wakila vilevile walivyokula siku zote, na harufu yake ilinifuata mpaka kwenye sinia ninalolipungia. Kwetu mgeni hula kwanza na hula mbele. Sisi tunakula baadaye, nyuma. Kwa hiyo tulikuwa tumemweka mbele na nyama ya kopo, sisi tuko nyuma na kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu yake.

Jumamosi nilimshika shangazi mkono, banda la jiko likiwa tupu.

"Shangazi, nakuomba. Kesho Jumapili. Mpe vya tanurini. Mara moja tu."

"Sawa, mwanangu."

"Usiniambie sawa. Niambie utampa."

"Nimesema sawa, Litara. Unataka niape kwa Biblia? Nenda kapige pasi gauni lako, lina mikunjo kama uso wa Keleta."

Jumapili alfajiri moshi ulipanda kila ua. Vijana walipasha mawe, wakapanga mashelisheli na magimbi, pono waliofungwa kwa makuti, na yale majani machanga yenye tui, wakafunika yote kwa majani mapana, wakaenda kuvaa. Kanisani hakuna aliyesikia mahubiri. Harufu ilikuwa ikiingia kwa madirisha. Bi Rosalind alikaa kiti cha mbele, amevaa kofia nyeupe aliyoazimwa na mke wa mchungaji. Nilimwona akinusa. Nilisema moyoni: haya, Mungu wangu, leo.

Tulirudi. Mgeni akakaa mkekani. Nikachukua kipepeo changu. Sinia likaja, limefunikwa kitambaa kilichofumwa, limebebwa na Shangazi Fuatino mwenyewe. Akalitua, akafunua kwa madaha.

Nyama ya kopo. Safari hii makopo mawili, yamesimamishwa kama minara ya kanisa, na pembeni soseji.

Sijui nilisimamaje. Najua tu kwamba kipepeo kilikuwa chini na sinia lilikuwa mikononi mwangu, na nilikuwa nikitembea, sikuinama hata kuomba radhi nilipopita mbele ya waliokaa, nikatoka, nikazunguka nyuma ambako kamati nzima ilikuwa imekaa na kofia zao nyeupe, na mbele ya macho yao nikamwaga sinia lote kwenye hori la nguruwe.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Acheni kumlisha mgeni aibu yenu! Mnaona haya kwa vyakula vyenu wenyewe, halafu mnataka watu waje wawatazame nini? Nini?"

Nguruwe tu ndio walikuwa na la kusema. Niligeuka, nikamwona Bi Rosalind amesimama kwenye kona ya nyumba, kofia mkononi. Alikuwa amenifuata. Na Shangazi Fuatino alikuwa nyuma yake.

Shangazi hakupaza sauti. Ningeshukuru angepaza.

"Pasaka ile," alisema. "Ulikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Ulimleta rafiki yako, Tiresa, ambaye baba yake ni mkubwa wa ofisi huko Apia. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo. Nilimwoka pono mzima, mkubwa kama mkono wangu. Nilifunga majani. Nikaleta sinia. Unakumbuka ulinong'ona nini sikioni mwangu?"

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau mpaka dakika ile.

"Ulisema, 'Shangazi, hakuna hata kopo moja?'" Akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akakikunja mara mbili. "Nilikimbia dukani kwa mvua. Nikarudi nimelowa, na kopo. Ukafurahi. Nikasema, haya, huyu amesoma, anajua wageni wanataka nini. Wewe ndiye uliyenifundisha, Litara. Leo wewe huyohuyo unamwaga."

Akaweka kitambaa juu ya gogo la kukunia nazi, akaondoka. Kamati ikainuka nyuma yake, kofia kwa kofia. Mama Keleta ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alilichungulia hori.

"Angalau wameshiba wageni wako," alisema, akaenda.

Siku ile mgeni alikunywa chai na biskuti kwa mchungaji. Hakuna mwanamke aliyepika kwa ajili ya nyumba ya wageni. Feri yake ilikuwa Jumatatu saa nane mchana, na fomu ilikuwa kwenye mkoba wake.

Nililala, au nilijilaza. Nilifikiria kumwandikia shangazi barua, na nilipofikiria jinsi ambavyo ningeipanga, na utangulizi na hitimisho, nilijichukia. Shangazi hakukosewa kwa maandishi.

Kwetu kuna ifoga, kuomba radhi hadharani. Si kitu cha mchezo. Mtu ameua, au ukoo wake umemwaga damu, basi wakubwa wao huja alfajiri, hujifunika mikeka mizuri vichwani, hukaa chini mbele ya nyumba ya waliokosewa, na kukaa hapo jua lichome, mvua inyeshe, mpaka wenye nyumba watoke wawavue mikeka. Au wasitoke. Katika maisha yangu nimeona ifoga moja tu, na watu walilia.

Jumatatu jua lilipochomoza nilikuwa nimekaa uani kwa Shangazi Fuatino, nimejifunika mkeka. Mkeka mzuri sikuwa nao. Nilichukua wa kulalia, wenye doa la wino la siku za mitihani.

Chini ya mkeka kuna joto na giza, na unachoona ni miguu tu. Ilipita miguu ya kuku. Ilipita miguu ya watoto, ikasimama, ikakimbia, ikarudi mingi zaidi. Kisha ikaja miguu mikubwa yenye nyufa, na fimbo.

"Nani huyo?" ilikuwa sauti ya Chifu Saulaulu, mkuu wa ukoo wetu.

"Mimi Litara, babu."

"Umeua nani?"

"Sijaua mtu, babu."

"Umechoma nyumba?"

"Hapana. Nimemwaibisha shangazi. Nilimwaga nyama ya kopo."

Nilisikia anapumua kwa pua.

"Ifoga," alisema hatimaye, "kwa nyama ya kopo."

"Si kwa nyama, babu. Ni kwa maneno. Na kwa jambo la zamani."

"Babu yangu alifanya ifoga kwa vita, watu wanne walikuwa wamekufa. Wewe unakuja na mkeka wenye wino." Fimbo ikagonga ardhi karibu na goti langu. Nilidhani atanifukuza. "Basi kaa vizuri, mtoto. Inamisha kichwa. Hivyo ndivyo wanavyoketi watu wanaosubiri basi."

Nikainamisha kichwa. Miguu haikuondoka, ilisogea kivulini, ikakaa.

Ndani ya nyumba nilimsikia shangazi akitembea. Nyumba haina kuta. Alikuwa akiniona tangu alipofungua macho. Nilisikia vyombo. Alikuwa akiosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Jua likapanda. Sisimizi walinigundua. Mama Keleta alifika akakaa kwenye ngazi ya shangazi kana kwamba amekuja kwenye sinema.

"Fuatino," aliita. "Uani kwako kuna mzigo."

"Sijaona kitu."

"Una miguu. Mizuri kiasi, ila kucha hazijakatwa."

"Keleta, kama huna kazi, kafagie kwako."

"Kazi ninayo. Naangalia."

Nilikuwa nimechoka, nina kiu, na hasira yangu haikuwa imeisha, hilo niliseme kweli. Nilikuwa nimemkosea shangazi, na bado makopo tisa yalikuwa makopo tisa. Mambo yote mawili yalikaa nami chini ya mkeka mmoja, na nafasi ilikuwa ndogo.

Ndipo ikaja miguu myeupe iliyovaa kandambili.

"Litara?" alisema Bi Rosalind kwa sauti ya chini. "Nimekutafuta. Unaumwa?"

"Hapana. Naomba msamaha. Usisimame, tafadhali, kila mtu amekaa."

Akachuchumaa. Nilimweleza kwa maneno machache, nikizungumza na magoti yake: sinia, nguruwe, Pasaka ile, Tiresa.

"Ulifanya hivyo kwa sababu ya chakula changu?"

"Ulipaswa kula vya hapa. Ndicho ulichokuja kuona."

"Lakini kila mara nilisema ni tamu," alisema. "Sikuipenda hata mara moja. Daktari amenikataza chumvi. Nilisikia harufu ya samaki nyuma ya nyumba siku nne, na sikuuliza, nilidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Kila nikisema tamu, anaongeza. Kwa hiyo makopo mengine yote niliyaagiza mimi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilitaka kumwambia: na mimi niliyekuwa nikitafsiri? Nilijua unadanganya, na kila mara nilisema 'anasema tamu'.

"Sogea," alisema Bi Rosalind.

"Hapana, hapana. Hii si ya wageni. Hii ni..."

Alikwisha kuinua pindo la mkeka. Akaingia, akakaa, akakunja miguu vibaya kama Wazungu wanavyoikunja, bega lake likigusa langu. Mkeka haukututosha, ulituacha migongo yote miwili nje.

Uani palizuka zogo. Watoto walipiga yowe. Nilimsikia Chifu Saulaulu akisema, "Ah! Ah! Ah!" kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Fuatino!" Mama Keleta alikuwa amesimama, sauti imempanda. "Fuatino wee, toka! Mgeni yuko chini ya mkeka! Mgeni wako anaiva juani kama shelisheli!"

Miguu ya shangazi ilishuka ngazi mbio. Niliijua ile miguu tangu nilipokuwa natambaa. Ilisimama mbele yetu, vidole vimejikunja kwa ghadhabu.

"Litara! Mtoe huyo mama juani! Sasa hivi!"

"Hatoki, shangazi."

"Mwambie atoke! Unaniua? Unataka nisemwe kisiwa kizima kwamba nilimwanika mgeni?"

"Anasema na yeye ana kosa. Anasema alikudanganya. Nyama haikuwa tamu."

Vile vidole vikakunjuka.

"Hata ile ya vitunguu?" aliuliza shangazi, kwa sauti nyingine kabisa.

Nikamuuliza Bi Rosalind. "Anasema hata ile ya vitunguu. Anaomba radhi."

"Na mimi nilijua," niliongeza. "Nikakutafsiria uongo. Na Pasaka ile, shangazi, pono yule... nilikuwa nataka Tiresa anione mtu. Samaki yule alinukia vizuri kuliko kitu chochote nilichokula baada ya hapo. Nilimla baridi usiku, mafichoni, na vidole. Sijawahi kukuambia."

Sijui tulikaa muda gani. Labda ilikuwa dakika moja. Kisha mwanga ukanipiga machoni, na shangazi yangu alikuwa amesimama na mkeka mkononi, kifua kinapanda na kushuka, na uso wake haukuwa wa msamaha hata kidogo, ulikuwa wa mwanamke aliyechoshwa na ukoo mzima. Lakini mkeka alikuwa ameuvua.

Chifu Saulaulu alisimama, akaegemea fimbo, akasema maneno yanayosemwa, yale marefu, ya mababu na ya amani, hakuruka hata moja. Bi Rosalind alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka puani. Nilimtafsiria nusu, nusu nyingine nilikuwa nafuta macho.

Ifoga ikipokelewa, mkosaji huingizwa ndani, hulishwa. Hilo haliwezi kusubiri. Shangazi aliingia, akasimama katikati ya nyumba, akatazama kabati la makopo. Akatutazama sisi wawili. Nilimwona akipiga hesabu ya heshima kichwani mwake, na hesabu ikikataa.

"Dukani sijaenda," alimwambia Keleta polepole. "Lakini hata ningekwenda. Nyama ya kopo ni ya mgeni. Huyu hapa siyo mgeni sasa. Huyu ni mkosaji."

"Kafunikwa mkeka mbele ya watu," alithibitisha Keleta. "Mimi shahidi."

"Na mkosaji siwezi kumpa chakula cha mgeni. Itakuwa nimelipongeza kosa."

"Haiwezekani," alisema Chifu Saulaulu kwa uzito.

"Basi watakula kilichopo." Shangazi akavuta pumzi kama anayeruka kutoka juu ya jiwe la bwawani. "Kilichopo ni kiporo."

Ilimgharimu. Niliona ilivyomgharimu. Alikwenda mwenyewe nyuma, akafukua makaa, akarudi na kikapu cha makuti badala ya sinia, bila kitambaa. Akakitua mkekani, akageuza uso pembeni, asituone tukikifungua.

Shelisheli la jana lilikuwa limechomwa tena mpaka ganda likawa jeusi, akalipasua kwa kipande cha kifuu. Pono alikuwa ndani ya makuti yake, amekolea moshi wa usiku kucha. Na vifurushi vya majani, tui limeganda na kuwa zito kama jibini, limekolea chumvi ya bahari. Wanaojua wanajua: majani yale yakilala ndiyo yanakuwa majani. Tulikula kwa mikono. Hakuna aliyetupungia kipepeo. Watoto waliingia, wakakaa, mmoja akachukua mfupa wa pono mbele ya Bi Rosalind bila kuomba, na hakuna aliyemfinya, kwa sababu mbele ya mkosaji hakuna adabu ya kulinda. Keleta alishusha kifurushi kwenye goti lake. Chifu alisema yeye ameshakula, akala.

Bi Rosalind hakusema tamu. Hakusema kitu. Alifuta kifurushi cha tatu kwa kipande cha shelisheli, akalamba kidole gumba, akatazama ndani ya kikapu kama kuna kingine.

Shangazi alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho.

"Mbona hasemi?" aliniuliza.

"Anakula, shangazi."

"Mh." Akasogeza kikapu inchi moja kuelekea kwake.

Kwenye gati, saa nane, Bi Rosalind alinikumbatia, ananuka moshi. Fomu hakunionesha na sikuuliza. Wiki tano nilisubiri. Mara tatu Iakopo alipita ofisi ya kundi la Machi, akaniletea karatasi ya kujiandikisha, mara tatu nikaitia chini ya mkeka. Kisha ikaja barua pepe yenye picha ya fomu. Utamaduni, kumi. Mazingira, saba, bwawa ni zuri, aliandika, ila waambiwe walinzi waoge na wao. Kwenye kisanduku cha chakula hakukuwa na namba, palikuwa na sentensi moja kwa mkono wake: *Chakula kipo. Kiko nyuma ya nyumba.* Saleava ilikuwa kwenye orodha. Wageni sita, mwezi wa Julai.

Nilikimbia mpaka banda la jiko na simu mkononi. Shangazi alikuwa akikuna nazi, amekalia lile gogo. Nikamsomea yote, mara mbili, pumzi zikinikatika. Hakuacha kukuna.

"Sita," alisema.

"Sita, shangazi!"

"Na hawataki kopo."

"Hawataki."

Akakung'uta kifuu, akakiweka chini, akatafakari kwa muda mrefu, kwa dhati kabisa, kama anavyotafakari mambo ya kanisa.

"Basi na hao itabidi wakosee kwanza," alisema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua uso, nilikuwa nacheka peke yangu. Shangazi Fuatino alikuwa amesimama ndani ya nyumba, amepanda juu ya kiti, anateremsha mikeka darini na kuihesabu.